Namba Kumi na Nne Ziko Mbili

Jumanne, 16 Septemba 2025

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Si Mama, si Mungu kwa sauti. Mitandao ya kompyuta ya shule yetu haikutengenezwa na Mwalimu Gachau wa somo la kompyuta. Niliitengeneza mimi.

Yote mitatu. Mwezi wa sita, wakati wa likizo fupi, Mwalimu alinipa neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi ya chapati, akasema yeye ana vipindi ishirini na saba kwa wiki na mimi nina kichwa. Mwanafunzi haruhusiwi. Nilijua. Nilikula ile karatasi baada ya kuikariri – kweli, niliitafuna, ilikuwa na mafuta.

Mimi, Nafuna wa Form Three, ambaye namba yangu ikiitwa darasani huitika kwa sauti ndogo hadi prefect hunitia alama ya kutokuwepo!

Leo asubuhi Madam Kaluki, deputy wetu, alisimama paredi akiwa na karatasi moja tu. Karatasi ya Kemia ya mtihani wa pamoja ilivuja Jumapili. Ilionekana kwenye makundi ya WhatsApp ya shule nne, na mtihani ukafutwa. Sasa alisema mashine ya mitihani huandika namba ya kila kompyuta inayoifungua. Karatasi ilifunguliwa Alhamisi iliyopita, saa saba na dakika kumi mchana, na kompyuta namba 192.168.10.14.

"Kompyuta haina rafiki, haina adui," akasema. "Imesema fourteen. Kwa lab, fourteen hukaliwa na nani saa ya lunch?"

Halafu mtu wa nyuma akakohoa, "Calvo."

Calvince wa darasa letu akaenda mbele akicheka, alidhani ni mzaha. Alipofika mbele hakuwa anacheka.

Wavulana wa Form Two walianza: "Hacker! Hacker wa Ruiru!"

Alhamisi iliyopita, saa saba na dakika kumi, mimi nilikuwa nimekaa kumi na tatu. Kiwiko changu kilikuwa kinagusa chake. Alikuwa anachora msimamo wa ligi ya madarasa, na aliipa timu yetu magoli mawili ambayo hatukufunga. Huo ndio wizi wake wote.

Na mimi ninajua kitu ambacho Madam Kaluki hajui. Namba kumi na nne ziko mbili.

Sikusema. Nilisimama kwenye mstari na mkono wangu ulikuwa mzito kama debe la maji. Lakini nitasema! Naandika hapa ili nisiweze kujifanya sikuandika.

Jumatano, 17 Septemba

Calvince amepewa barua. Nyumbani hadi Jumanne ijayo, arudi na mzazi mbele ya bodi. Wanasema watamfukuza. Amehamia kwa dada yake Mourine huko Thika, kwa sababu mjomba wake wa hapa Ruiru amesema hataki mwizi kwa nyumba.

Nijieleze mwenyewe pole pole, nione nilipokosea.

Kwenye meza za lab hakuna kompyuta. Kuna skrini na kibodi tu. Kompyuta yenyewe ni moja, kubwa, iko kwenye stoo iliyokuwa ya Home Science na bado inanuka unga. Kampuni fulani ilihama ofisi ikatuachia. Ndani ya hiyo moja kunaishi kompyuta nyingi zisizoshikika, na kila skrini inafungua yake. Hizo kompyuta za ndani zinahitaji mitandao, na mitandao nayo ni ya ndani, haina waya. Unaiandika, inakuwepo. Ndiyo maana niliipenda. Ni kitu pekee ninachoandika kikatii.

Mtandao wa klabu ya kompyuta, yaani wa lab, niliufunga kabisa. Mashine zake zinaonana zenyewe kwa zenyewe, basi. Hakuna lango. Ni chumba kisicho na mlango.

Mtandao wa walimu niliupa njia: lango moja linaloelekea kwa mashine ya mitihani, ili waandike alama kutoka ofisi yao.

Mtandao wa tatu ni wa mashine ya mitihani yenyewe.

Sasa kosa. Nilipomaliza ule wa klabu nilichoka. Nikaunakili, nikafuta jina KLABU, nikaandika WALIMU, nikauwekea lango. Namba zikaja zilezile. Kumi na moja hadi kumi na sita huku, kumi na moja hadi kumi na sita kule. Mfumo haukulalamika, kwa sababu mtandao uliofungwa haujui kama una jirani. Niliona. Niliona haya kumuuliza Mwalimu. Kila kitu kilifanya kazi, nikaacha.

Ni kama hapa kwetu. Plot ya Kagwe, tunapopanga, ina milango kumi na sita, namba zimepakwa rangi. Plot ya jirani pia ina kumi na sita. Kila mwezi mtu wa gesi anabisha kwetu, namba tisa, na mtungi wa tisa ya ng'ambo ya ukuta. Mama humwambia, "Tisa si hii." Hakuna siku amemwita mwizi.

Leo lunch nilikaa kumi na nne ya lab, kiti cha Calvince. Niliiita mashine ya mitihani. Hakuna njia. Nikaiita tena. Hakuna njia. Mara kumi. Haiwezekani! Kutoka kwenye kiti hicho hata malaika hawezi kuifungua karatasi ile.

Basi aliyeifungua alikuwa kumi na nne ya ofisi ya walimu.

Nimeiandika sentensi hiyo. Sitaifuta.

Alhamisi, 18 Septemba

Nilimngoja Mwalimu Gachau nje ya stoo. Nikamwambia yote, nikiangalia viatu vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafunga mlango wa stoo kwa kufuli, polepole, kama mtu anayefikiri na vidole.

Akasema, "Nafuna, nani mwingine anajua?"

Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza nani anajua.

Nikasema hakuna. Akasema mimi ni msichana mwerevu na nitafika mbali. Akasema yeye ni mwalimu wa bodi, si wa serikali. "Unajua hiyo maana yake? Jina langu hapa limeandikwa kwa penseli. Wakijua nilimpa mwanafunzi password, wanafuta tu." Mke wake anajifungua mwezi wa kumi na moja.

Nikauliza, na Calvince?

"Calvince ni kijana mjanja, atapata shule."

Sikumjibu. Lakini ninamjibu hapa: Hapana.

Ijumaa, 19 Septemba

Siku mbaya.

Nilienda kwa Madam Kaluki saa ya chai. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kiganja: KLABU HAINA LANGO. Nikabisha. Akasema ingia. Nikaingia. Na sauti ikaondoka. Ilienda tu, kama stima.

"Sema basi," akasema. "Unaumwa?"

Nikatazama kiganja changu.

"Ni pedi unataka? Ziko kwa matron, usiogope, mama."

Nikatingisha kichwa kusema ndiyo!! Nikaenda kwa matron. Nikapewa pedi. Nikatia sahihi kwenye kitabu. Mimi si mtu, mimi ni kuku.

Alasiri Mwalimu Gachau alinipita koridoni akasema bila kusimama, "Nimerekebisha ile kitu yetu."

Ile kitu yetu. Amebadilisha namba za walimu zote. Sasa zinaanza na ishirini. Na neno la siri amelibadilisha pia. Ukiingia kwenye mfumo leo kumi na nne ni moja tu, ya lab, ya Calvince. Kosa langu limefutwa, na kwa kulifuta amemfunga Calvince vizuri zaidi.

Nililia choo cha wasichana, dakika tatu, nikiwa nimeshika pedi ambayo sikuhitaji. Halafu nikaacha. Kwa hasira, si kwa nguvu. Lakini hasira nayo ni kitu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nilimwambia Mama ninaenda maktaba. Nilienda Thika.

Mourine, dada ya Calvince, anauza omena na dengu soko la Madaraka. Nilimpata Calvince amefunga aproni, anapimia mama mmoja omena kwa mkebe wa gorogoro. Aliniona akaficha uso nyuma ya mkebe.

Mourine akanitazama kuanzia viatu. "Na huyu? Msichana wako?"

Nikasema, "Hapana, dada. Mimi ni namba kumi na tatu."

Akacheka hadi akashika meza. "Sasa mmekuwa wafungwa, mnaitana na namba!"

Calvince alinipa ndoo nikalia. Yaani nikaikalia – naandika haraka. Akaniambia kama angekuwa mwizi angeiba Hesabu. "Kemia mimi hupita, Nafuna. Mtu huiba chakula amekula?"

Basi nikamwambia. Hapo, katikati ya harufu ya omena, na wateja wakipita. Karatasi ya chapati, mitandao mitatu, namba zilizojirudia. Sauti yangu haikuondoka. Labda kwa sababu Madaraka kuna kelele, hakuna anayeisikia.

Alimaliza kumpimia mteja. Akampa na ya kuongeza. Akafunga nailoni. Ndipo akasema:

"Kwa hivyo ulijua tangu Jumanne."

"Ndiyo."

"Na leo ni Jumamosi."

Hakusema kwa ubaya. Alihesabu tu. Nilitamani anitukane.

Mourine hakuhesabu tu. Alisema Calvince ndiye wa kwanza kwao kufika Form Three, na yeye mwenyewe aliacha Form One ili huyu aendelee. "Mnacheza na kompyuta huko, halafu mtoto wangu ndio anafukuzwa? Jumanne nakuja kwa hiyo bodi. Nakuja na hii gorogoro."

Halafu akatoa simu. Karatasi iliyovuja ilikuwa imemfikia hata yeye, mteja alimtumia akimwambia aone kazi ya kaka yake. Niliomba kuiona. Sikuwa nimeiona kamwe, niliogopa kuiona.

Si nakala. Ni picha. Mtu alipiga picha ya skrini kwa simu, haraka, imeinama kidogo. Kemia, swali la kwanza hadi la nne. Na chini kabisa, kwenye ukingo, chini ya skrini, kipande cha tepu ya karatasi, ile ya rangi ya maziwa.

Nilikuza. Kalamu ya buluu. Nusu ya namba, na mwisho wake ni nne.

Ninaijua hiyo nne. Ninaiandika bila kufunga kichwa chake, na mkia naupindisha, kwa sababu Mwalimu wa darasa la pili alinipiga kwa kuifanya ifanane na tisa. Hakuna mtu mwingine shuleni anayeandika nne hivyo.

Skrini za lab nilizipa namba kwa Rubico, ile nyeupe ya kufutia wino, moja kwa moja kwenye plastiki. Za ofisi ya walimu niliogopa kuzichafua, nikaweka tepu. Tepu, na namba nzima, kwa mkono wangu.

Nikamwonyesha Calvince. Nikamwambia, "Hii nne ni yangu."

Akaitazama sana. Akasema, "Inafanana na bata."

Mwalimu Gachau amebadilisha namba ndani ya mfumo. Je, alikumbuka tepu?

Jumapili, 21 Septemba

Nilimwambia Mama baada ya kanisa, tukiosha vyombo nje. Si yote. Nilisema tu najua Calvince hakufanya, na nitasema mbele ya bodi.

Mama akaendelea kusugua sufuria. Akasema shule hii aliitafuta kwa magoti. Akasema sisi tumetoka Bungoma, hapa hatuna mjomba wala chifu, na mgeni hatangulii kusema. "Usiniletee barua, Nafuna."

Halafu akanipa mfano, ili nielewe. Kiwandani kwao Thika, miaka sita iliyopita, roli za kitambaa zilipotea zamu ya usiku. Wakamfukuza Viola, rafiki yake. Mama alijua Viola hakuwa kwenye laini ile usiku huo. Alinyamaza. "Na kazi ninayo mpaka leo," akasema. "Si unakula?"

Ninakula. Sikumbishia. Lakini mimi huenda na Mama kiwandani siku za likizo, na ninajua kitu ambacho hadhani ninakijua. Viola anauza uji kwenye geti la mbele. Na Mama, kila asubuhi, miaka sita, mvua ikinyesha, huzunguka ukuta wote hadi geti la nyuma.

Mimi sitazunguka ukuta.

Jumatatu, 22 Septemba

Ilikuwa zamu yangu kupeleka madaftari ya Kemia kwa ofisi ya walimu. Haikuwa zamu yangu, nilibadilishana na Ciku, nikampa mandazi yangu.

Mwanafunzi haingii ofisi ya walimu hivi hivi. Unabisha, unangoja, unaingia na mikono nyuma, hukai, hushiki kitu. Niliingia na madaftari hadi kidevuni.

Skrini sita. Mwalimu Gachau alikumbuka tepu. Kumi na moja imetolewa, imebaki gundi. Kumi na mbili, imetolewa. Kumi na tatu, imetolewa. Kumi na tano, kumi na sita, zimetolewa.

Kumi na nne ipo. Ipo kwa sababu mbele yake kulikuwa na rundo la vitabu, chupa ya chai, na sweta ya kahawia kwenye kiti. Hakuna anayesogeza vitu vya Mwalimu Nicanor, mwalimu wetu wa Kemia.

Naye alikuwa hapo. "Profesa!" akasema. Ndivyo anavyoniita tangu Form One, aliponipa kitabu kisicho na jalada kuhusu nyota, akasema nirudishe nikiwa daktari. Ndiye mwalimu pekee anayengoja nimalize sentensi. Jumamosi hufundisha tuition huko Membley, watoto wa nyumba zenye geti, na Jumatatu hutuletea biskuti zilizobaki.

"Weka hapo juu."

Nikaweka.

Akauliza kama nimesikia habari za Calvince. Akasema, "Kijana mzuri. Inaniuma. Lakini bodi lazima ifanye kazi yake." Akanipa biskuti mbili.

Nilikuwa naangalia tepu. 192.168.10.14. Bata wangu mdogo mwishoni.

Kiti hakisemi ni nani aliyekikalia. Mtu yeyote angeweza kukaa hapo saa ya lunch. Najiambia hilo tangu mchana. Biskuti ziko kwenye mfuko wa sare. Sijaweza kuzila wala kuzitupa.

Sitaki awe yeye. Naandika wazi: sitaki. Na bado nitasema kumi na nne iko wapi.

Jumanne, 23 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa mahali ambapo sijawahi kukaa. Nitaandika kwa mpangilio, nina muda kidogo.

Bodi ilianza saa nne, ofisi ya mwalimu mkuu. Niliwaona wakiingia: wazee watatu wa bodi, Madam Kaluki na faili, Mwalimu Gachau kama mtaalamu. Halafu Mourine, na kitambaa cha kanisa kichwani, na Calvince nyuma yake na sare iliyopigwa pasi. Hakuja na gorogoro.

Niliomba ruhusa ya kwenda choo. Nikaenda nikabisha kwa mwalimu mkuu.

Safari hii sikuandika kitu kiganjani.

Madam Kaluki alisema, "Nafuna, si sasa, mama. Matron yuko."

Mzee mmoja akacheka. Nikasema – na sauti ilitoka, nyembamba, lakini ilitoka – "Madam, mimi ndiye niliyetengeneza mitandao ya shule. Namba za walimu na za lab zilikuwa sawa. Kosa ni langu. Ya lab haina njia ya kwenda kwa mitihani. Kumi na nne iliyofungua karatasi ni ya ofisi ya walimu."

Mzee aliyecheka akauliza, "Huyu anasema Kiingereza ama Kiswahili?"

Nikasema, "Mzee, kwenu kuna plot?" Akasema anazo mbili. Nikamuuliza kama kila moja ina namba tatu. Akasema ndiyo. Nikasema, "Mpangaji wa namba tatu akikosa kulipa, unafungia yupi?"

Akageuka kwa Madam Kaluki. Hakuwa anacheka tena.

Madam Kaluki alivua miwani. "Mwanafunzi hana password ya mfumo. Wewe ulipewa na nani?"

Mwalimu Gachau alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilivijua vile viatu, nilikuwa nimeviangalia mimi Alhamisi yote.

Nikasema, "Hilo sitasema, Madam."

"Utasema."

"Nitasema nililofanya mimi. La mtu mwingine aseme mwenyewe."

Sijui maneno hayo nilitoa wapi. Mourine alisema kitu kwa Kiluo, polepole, na Calvince akafunga macho.

"Huo uthibitisho uko wapi?" mwalimu mkuu akauliza. "Mwalimu Gachau, hizo namba ziko sawa?"

Mwalimu Gachau akasema, "Kwa sasa hapana, sir." Kwa sasa! Niliyasikia maneno hayo mawili. Sijui kama wao waliyasikia.

Nikasema kuna tepu, na picha kwenye simu ya dada Mourine, waje walinganishe. Madam Kaluki akasema bodi haitembezwi na mtoto, nirudi darasani, watanishughulikia baadaye, na barua yangu itakuwa ndefu kuliko ya Calvince.

Nikatoka. Mlango ulipofungwa nilisikia kiti kikiburutwa ndani, kama mtu amesimama. Sijui ni cha nani.

Darasa letu liko mkono wa kushoto. Nilikwenda kulia.

Ofisi ya walimu ilikuwa tupu, wote kwenye vipindi. Sikubisha. Nilisogeza vitabu. Nilisogeza chupa ya chai. Nilikaa kwenye kiti cha sweta ya kahawia, kumi na nne, kiti cha mwalimu, mimi! Tepu iko hapa mbele yangu. Nimefungua daftari nikaanza kuandika, kwa sababu bila kuandika ningekimbia.

Kengele ya chai imelia nikiwa bado naangalia yule bata wa kwenye tepu. Mwalimu Nicanor ameingia wa kwanza, na kikombe.

"Profesa," amesema. "Hicho ni kiti changu."

Nimesema, "Najua, Mwalimu."

Amenitazama. Halafu ametazama ninachokitazama. Amesema kwa upole, kwa sauti ileile ya kitabu cha nyota, "Hii tepu imechakaa. Wacha niitoe." Ameinyooshea mkono.

Nimeweka kiganja changu juu yake.

"Hapana, Mwalimu."

Sijawahi kumwambia mwalimu hapana. Kiganja kilikuwa na jasho, nikaogopa gundi itaachia. Haikuachia.

Amesema, "Nafuna." Si Profesa. Ameweka kikombe juu ya madaftari yetu, amechukua sweta yake kutoka mgongoni kwangu, taratibu, kama mtu anayetoa blanketi kwa mtoto aliyelala, na ametoka nje. Hakuenda upande wa ofisi ya mwalimu mkuu. Ameenda upande wa geti.

Walimu wengine wameanza kuingia. Wanasimama mlangoni, wananitazama. Mmoja ameuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Hakuna aliyekuja karibu.

Mimi nimefanya hivi. Nimetoa biskuti mbili mfukoni nikaziweka kando ya kikombe chake. Kisha nimevuta simu ya mezani kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia uko kwenye tepu, nikabonyeza namba ya ofisi ya mwalimu mkuu. Madam Kaluki amepokea. Nimesema, "Madam, ni Nafuna. Niko kumi na nne. Njooni na ile simu ya dada Mourine." Nimeweka chini kabla hajajibu.

Mkono sijautoa. Naandika kwa kushoto, herufi ni mbaya. Chai yake bado inatoa mvuke.